Mapengo Kumi

Mwamshe mtu yeyote aliyefanya KCSE saa nane za usiku, mwambie "mapengo kumi", na atajua unaongelea nini. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza, alama 60. Humo ndani kuna kifungu kifupi kilichotobolewa matundu 10, kila tundu alama moja, na kazi yako ni kujaza neno moja tu linalofaa. Shule nyingi hufanyisha zoezi hilo wiki baada ya wiki. Mwalimu analichomoa kutoka kwa mitihani ya majaribio ya miaka iliyopita, analipiga kopi, anagawa, anasahihisha. Limekuwa la kawaida kama chai ya saa nne.

Sasa, aliyevumbua zoezi hili hakuwa na haja ya kumpima mwanafunzi yeyote. Wilson Taylor alikuwa mtafiti wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na mwaka wa 1953 alikuwa na swali lingine kabisa: nitajuaje kama andiko hili linasomeka? Wazo lake lilikuwa rahisi. Chukua andiko, futa neno moja kila baada ya maneno kadhaa, wape wasomaji wajaze. Wakijaza bila shida, andiko linawafaa. Wakikwama, andiko ni gumu kwao, kwa hivyo liandike upya au tafuta lingine. Yaani kilichokuwa kikipewa alama ni maandishi. Hapa kwetu kifaa kile kile kikageuzwa, kikaelekezwa kwa mtoto.

Nimeanza na Taylor kwa sababu hivyo ndivyo utafiti kuhusu kusoma umekuwa ukifika Kakamega kwa karibu miaka 100. Unafika umechelewa, umevaa sare ya mtihani, na mara nyingi unapita kando ya kitu ambacho ungefaa kukigusa: andalio la somo la mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi 60. Nani hasa amekuwa akilipanga somo hilo? Si mwalimu, mara nyingi.

Turudi 1932. Mwaka huo Kakamega ilishikwa na homa mbili. Ya kwanza ni ya dhahabu. Wazungu waliolemewa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika na mahema yao, wakachimbachimba kila kijito, na Rosterman, ambayo kwa wengi wetu leo ni jina la mtaa tu, ikawa mgodi. Ilipobainika kwamba dhahabu iko chini ya mashamba ya watu, serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria ya ardhi ya wenyeji mwaka huo huo wa 1932, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa fidia ya pesa badala ya kutoa ardhi nyingine. Homa ya pili ni ya shule. Mwaka wa 1932 ndio ilifunguliwa Shule ya Serikali ya Waafrika, Kakamega, ile tunayoiita leo Kakamega School. Baraza la wenyeji la North Kavirondo lilikuwa limetoza watu wake kodi ya ziada kwa ajili ya elimu. Walitaka shule isiyo ya misheni.

Si eti misheni hazikuwepo. Marafiki, wale Wakweka, walikuwa Kaimosi tangu 1902. Waanglikana walikuwa Butere, na shule yao ya wasichana ilianza 1916. Wakatoliki walikuwa Mumias. Lakini shule hizo zilifundisha kusoma ili mtu asome Maandiko, na kwa lugha ya nyumbani. Hiyo haikuwa bahati mbaya, ilikuwa sera. Mkutano wa pamoja wa misheni uliofanyika Nairobi mwaka wa 1909 ulipendekeza lugha ya mama katika madarasa matatu ya kwanza, Kiswahili katika mawili yanayofuata, halafu Kiingereza. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924 ilisisitiza elimu "inayomfaa" Mwafrika: lugha yake, jembe, useremala, usafi.

Kwa karatasi, ushauri huo wa lugha ulikuwa mzuri. Hata leo mtaalamu wa kusoma atakuambia mtoto hujifunza kusoma haraka zaidi kwa lugha anayoielewa. Shida ni nani alikuwa akiutoa, na kwa nini. Mzazi wa Kakamega aliona mtoto wa mzungu na wa Mhindi wakifundishwa Kiingereza huku wake akifundishwa kutengeneza kiti. Sheria ile ya dhahabu iliandikwa kwa Kiingereza. Barua ya Mkuu wa Wilaya, vilevile. Kwa hivyo utafiti mzuri ukaja umebebwa na mkono usioaminika, na watu wakaukataa wote pamoja na mkono wake. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa akili kabisa, na bado tunaulipia.

Halafu lugha ya mama yenyewe ni ipi? Hapa Kakamega ndipo mchezo unakuwa mgumu. Marafiki walichapisha kwa Luragooli. Kanisa la Mungu kule Kima wakachapisha kwa Lunyore. Waanglikana wa Butere wakatumia Luwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Kamati ya Lugha ya Luluyia ikaundwa, Arkidikoni Walter Owen akiwa mmoja wa waliosukuma jambo hilo, na mmisionari wa CMS, Lee Appleby, akifanya kazi ngumu ya sarufi na msamiati. Lengo lilikuwa kupata tahajia moja na Luluyia moja ambayo kila mtoto wa North Kavirondo angeisoma. Vitabu vilitoka. Lakini Waragoli walikuwa na Biblia yao, Wabukusu hawakujiona ndani ya lugha ile mpya, na kila mmoja akabaki na herufi zake. Kwa hivyo mtoto wa Kakamega aliyefika sekondari miaka hiyo alikuwa amejifunza kusoma kwa lugha iliyofanana na ya nyumbani, lakini si yake hasa, akahamishiwa Kiswahili, kisha Kiingereza. Hatua tatu, na hakuna hata moja iliyokaa.

Na vitabu vya Kiingereza alivyovikuta? Hapo kuna stori ambayo sikuwahi kuambiwa shuleni, na naipenda.

Katika miaka ya 1920 kulikuwa na mwalimu Mwingereza huko Bengal, mji wa Dacca, anaitwa Michael West. Aliona watoto wa Kibengali wakisoma Kiingereza miaka na miaka bila kufika popote, akaamua kupima kwa nini. Alihesabu maneno. Akagundua kwamba vitabu vya kusomea vilikuwa vinamtupia mtoto maneno mapya kwa fujo, mengine adimu, na neno likishatokea mara moja halirudi. Mtoto hapati nafasi ya kusoma. Anachofanya ni kuvuka mito ya maneno asiyoyajua. Mwaka wa 1926 West alichapisha ripoti yake juu ya lugha mbili huko Bengal, kisha akatengeneza vitabu vyake kwa kampuni ya Longmans: maneno machache ya kawaida, neno jipya likija linarudiwa, hadithi zinazosomeka. Orodha ya maneno ya msingi aliyoihariri ilitoka 1953, mwaka ule ule wa mapengo ya Taylor. Vitabu vyake vilisambazwa kote kwenye makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo.

Angalia hapo. Utafiti ulikuwa tayari umeshonwa ndani ya kitabu. West hakumwachia mwalimu kazi ya kuhesabu maneno. Ila West alitaka mtoto asome kimya, peke yake, mengi, kwa kutafuta jambo fulani ndani ya hadithi. Shuleni kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watatu au wanne, kwa hivyo kikasomwa kwa sauti, kwa zamu. Wewe aya ya kwanza, jirani yako ya pili, na wengine wakihesabu vidole kujua zamu yao itaangukia sentensi gani. Unaikumbuka hiyo? Mimi naikumbuka vizuri, na nilikuwa sekondari karne hii. Hiyo njia ya kusoma imeishi kuliko ukoloni, kuliko vyama vyote vya siasa, kuliko mitaala minne. Haikuletwa na utafiti wowote. Ililetwa na upungufu wa vitabu, ikageuka desturi, halafu desturi ikaingia kwenye andalio la somo kama hatua ya pili: wanafunzi wanasoma kwa zamu.

Miaka ya 1950 na 1960 niipite haraka. Mwaka wa 1957 Wizara ya Elimu ilianza kujaribu Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, katika shule ya watoto wa Kihindi Nairobi. Mradi ukapewa jina la Mbinu Mpya ya Msingi, ukasambaa kwa shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki. Ulikuja na miongozo ya walimu yenye maelezo ya kila somo, na ulifanya kazi pale ambapo mwalimu alikuwa amefunzwa na vitabu vipo. Ulipoenezwa kwa kasi bila hivyo viwili, ukalegea. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikarudisha lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya chini. Pendulamu.

Kilichotokea chuo kikuu ndicho kinachojulikana zaidi, na ndicho kinachonikera kidogo. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati. Mwaka wa 1974 walimu na wahadhiri wakakutana Nairobi kujadili fasihi gani ifundishwe sekondari. Vita hivyo walivishinda, polepole, na sisi tumekula matunda: Imbuga, mtoto wa Maragoli, akawa kitabu teule, fasihi simulizi ikaingia karatasini. Hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini mjadala wote ulikuwa juu ya nini kisomwe. Jinsi mtoto wa miaka 15 anavyosoma ukurasa wa lugha yake ya tatu, nini kinatokea kichwani, anakwama wapi, hayo hayakupewa mkutano. Ilichukuliwa kwamba akifika sekondari basi anajua kusoma.

Halafu 8-4-4 ikaanza 1985, Kiingereza na fasihi vikaunganishwa kuwa somo moja, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Muungano huo ulikuwa na hoja ndani yake. Lugha hujifunzwa vizuri ndani ya maandishi halisi, riwaya ifundishe sarufi na sarufi ifungue riwaya. Tatizo ni kwamba karatasi ya mtihani ndiyo iliyoandika andalio la somo. Karatasi ya pili ina ufahamu alama 20, dondoo la kitabu teule alama 25, shairi au simulizi alama 20, sarufi alama 15. Basi somo la ufahamu likawa karatasi ndogo: soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. Mwalimu anasahihisha, anatoa majibu, kengele inalia.

Tusiwacheke walimu wetu peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dolores Durkin, wa Illinois (Illinois tena, kumbe kulikuwa na nini huko?), alikaa nyuma ya madarasa ya Marekani na saa mkononi, akipima ni dakika ngapi walimu wanatumia kumfundisha mtoto namna ya kuelewa anachosoma. Jibu lilikuwa chini ya asilimia 1 ya muda. Muda mwingi uliobaki ulienda kwa kuuliza maswali, kugawa kazi na kusahihisha. Walimu walikuwa wakipima ufahamu huku wakiamini wanaufundisha. Kwa maneno mengine, ugonjwa ni wa dunia nzima. Tofauti ni kwamba wenzetu walipimwa wakaanza kutafuta dawa.

Dawa moja ilitoka 1984. Annemarie Palincsar na Ann Brown walichukua wanafunzi wa darasa la saba ambao wangeweza kutamka kila neno vizuri lakini ukiwauliza wamesoma nini, kimya. Soma sentensi hiyo tena, kwa sababu ndiyo picha ya wanafunzi wengi wanaoingia sekondari huku kwetu. Waliwafundisha kufanya mambo manne wakiwa katika vikundi vidogo: kufupisha walichosoma, kuuliza swali ambalo mwalimu angeliuliza, kufafanua palipo na giza, na kutabiri kinachofuata. Mwanzoni mwalimu anafanya kwa sauti wakimwona, kisha wanapokezana, mwanafunzi anakuwa mwalimu wa aya moja. Hao watoto walipiga hatua kubwa kwa majuma machache. Haihitaji umeme, haihitaji projekta. Inahitaji mwalimu apange somo ambamo yeye haongei sana, na hilo ndilo gumu.

Ya pili naipenda zaidi. Mwaka wa 1988 watafiti wawili, Recht na Leslie, waliwapa vijana 64 hadithi ya mechi ya besiboli. Wengine walikuwa wasomaji wazuri, wengine dhaifu. Na katika kila kundi kulikuwa na wanaoijua besiboli na wasioijua. Waliosoma vibaya lakini wanaujua mchezo walielewa na kukumbuka hadithi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maarifa yalishinda "uwezo wa kusoma".

Sasa lete hiyo Khayega. Andika kifungu cha Kiingereza kuhusu mieleka ya mafahali: jinsi fahali anavyolishwa na kufichwa siku zilizotangulia, jinsi isikuti inavyomsindikiza alfajiri, namna pembe zinavyofungana na ni kwa ishara gani umati unajua huyu amekubali kushindwa kabla hajageuka kukimbia. Mpe kifungu hicho yule kijana wa Ikolomani anayepata D ya Kiingereza, na mpe pia msomi wa shule ya kifahari ya Nairobi anayepata A. Maswali ya juu juu, wa Nairobi atajibu. Swali la kwa nini mwenye fahali alikataa kumleta uwanjani wakati fulani, au kwa nini wimbo ulibadilika, D atamfundisha A. Na isikuti si kitu kidogo cha kijijini. UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Sisemi watoto wa Kakamega wasome kuhusu mafahali tu. Hiyo ni kuwarudisha kwa Phelps-Stokes, elimu "inayowafaa". Kijana wa Shinyalu anastahili kusoma riwaya ya Ishiguro kuhusu msanii mzee wa Japani baada ya vita, ambayo iko kwenye orodha ya vitabu teule vya sasa. Ninachosema ni kwamba andalio la somo la riwaya hiyo lisianze na sura ya kwanza. Lianze na Japani ya 1945: nani alishindwa, nani alitawala, kwa nini mtu aliyechora picha za kusifu vita angejificha na picha zake. Dakika 20 za stori, hata kwa Kiswahili, ndizo zinazofungua kurasa 200. Shule nyingi zinafanya kinyume. Zinakimbilia muhtasari wa sura, wahusika na maudhui, watoto wanakremu, na kitabu chenyewe kinabaki kisafi kama kilivyotoka dukani.

Hata kwa Kiswahili, nimesema, na najua hapo nimegusa waya. Shule nyingi bado zinatumia ile diski, kibao au kitu chochote anachovishwa mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani, na jioni anaadhibiwa. Wakati huo huo wanafunzi wakikaa kwa kikundi kujadili aya ngumu, ile dakika moja ambapo mmoja anawaambia wenzake kwa Lwisukha "huyu mzee anadanganya, anajificha", ndiyo dakika ambayo ufahamu umetokea. Diski inaadhibu ushahidi kwamba mtoto ameelewa.

Utafiti wetu wenyewe unaonyesha pengo hilo. Uwezo ilipoanza kupima watoto nyumbani kwao, matokeo ya 2011 yalisema ni 3 tu kati ya watoto 10 wa darasa la 3 walioweza kufanya kazi ya darasa la 2. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake, uliolinganisha Kiingereza, Kiswahili na lugha za mama, ulikuta watoto wanasoma Kiingereza kwa sauti kwa kasi nzuri lakini wanaelewa kidogo kuliko wanavyoelewa lugha zao. Tumefundisha mdomo. Hapo jirani Bungoma wakajaribu Lubukusu: vitabu, miongozo, mafunzo. Kusoma Lubukusu kulipanda sana, ila Kiingereza na Kiswahili havikupanda zaidi ya kule ambako mradi ule ule ulitumia lugha hizo mbili pekee. Wapenzi wa lugha za mama, mimi nikiwemo, tulitaka jibu tamu zaidi, lakini matokeo ndiyo hayo. Hata hivyo sidhani kipimo pekee cha Lubukusu kiwe ni kama kinasaidia Kiingereza.

Majaribio hayo, yaliyoitwa PRIMR, yaligeuka Tusome mwaka wa 2015, nchi nzima. Na hapo kwa mara ya kwanza utafiti wa kusoma uliingia moja kwa moja kwenye andalio la somo. Kila mtoto kitabu chake. Mwalimu ana mwongozo unaosema siku ya leo unafundisha sauti gani, maneno gani, hadithi gani, maswali gani kabla na baada. Maafisa wa mitaala wakapewa tabuleti, wakatumwa madarasani kusikiliza watoto wakisoma na kuongea na mwalimu papo hapo. Kuna walimu waliolalamika kwamba wamefanywa kasuku. Nawaelewa. Lakini watoto walisoma vizuri zaidi, na hilo nalo ni jibu.

Tusome iliishia darasa la 3. Baada ya hapo mtoto anaachwa na upepo. Mwaka wa 2018 serikali ikaanza kusukuma kila mtoto wa darasa la 8 aingie Kidato cha Kwanza. Jambo jema, nalitetea popote. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kutwa kule Lurambi, aliyefunzwa chuoni kuchambua shairi, sasa ana wanafunzi wanaosoma neno kwa neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Hakufunzwa kufundisha kusoma. Hiyo ilikuwa kazi ya shule ya msingi. Na andalio lake la somo? Tangu 2016 lazima liwepo, kwa sababu ya TPAD, ule mfumo wa TSC wa kumtathmini mwalimu. Basi lipo. Linanunuliwa mtandaoni, faili la muhula mzima, unabadilisha jina la shule na tarehe, unapakia. Mwandishi wa faili hilo hajawahi kumwona hata mwanafunzi mmoja wa darasa hilo.

Ningependa tulipime kwa jicho la Taylor, kwa maana yake ya kwanza. Toboa ukurasa wa kitabu cha kiada, wape watoto wako, halafu kipe alama kitabu. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka wa 2000 kwamba ili usome hadithi kwa raha bila msaada unahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yake. Ukurasa wa maneno 300, maneno 6 tu mageni. Mwalimu yeyote anaweza kulijua hilo kwa nusu saa na karatasi chakavu, na akishajua, somo linabadilika lenyewe: kifungu hiki nitakisoma nao pamoja, hiki watasoma wenyewe, hiki nakiacha hadi muhula wa pili.

Na wapewe vitu vya kusoma. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi, vya Kiingereza chepesi chenye picha, katika shule za vijijini. Hawakupeleka sarufi. Watoto walisoma kila siku, na baada ya miezi minane walikuwa wamesonga mbele katika kusoma kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Sisi tulikuwa na wazo la aina hiyo zamani: Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, lilikuwa likituma masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa posta. Leo ukienda maktaba ya Kakamega tao wakati wa likizo, utakuta viti vimejaa. Angalia mezani. Ni vitabu vya marudio, karatasi za mitihani iliyopita, na mapengo kumi.

Mahali pekee ambapo nimeona wanafunzi wa sekondari wa kaunti hii wakisoma andiko kwa namna watafiti wanayoiota ni kwenye tamthilia. Fikiria wanachofanya. Wanasoma mistari ile ile mara mia, wanabishana mhusika anamaanisha nini anaponyamaza, wanaulizana, wanatabiri, wanafupisha kwa miili yao. Palincsar na Brown wangetabasamu. Butere Girls walifanya hivyo mwaka wa 2013 na mchezo wa Cleophas Malala, ukapigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku. Wakafanya tena Aprili 2025 na mchezo mwingine wa Malala. Mahakama ikaamuru waruhusiwe kuigiza, na bado kule Nakuru wasichana wakajikuta hawana mwandishi wao, hawana vifaa vya jukwaa, na polisi wanawarushia watu vitoa machozi nje. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Hakuna aliyewahi kurushiwa kitoa machozi kwa kujaza mapengo kumi.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Kiingereza ni lazima kwao wote. Fasihi ya Kiingereza imetenganishwa tena, sasa ni somo la kuchagua, miaka 41 baada ya 8-4-4 kuziunganisha. Wengi wa watoto hao walijifunza kusoma na vitabu vya Tusome, kwa hivyo somo lao la kusoma lilipangwa na utafiti tangu siku ya kwanza. Mwalimu wao wa Kiingereza amepokea mtaala mpya, orodha mpya ya umilisi, na fomu mpya za kujaza. Mafaili ya maandalio ya somo ya Gredi ya 10, muhula mzima, tayari yanauzwa mtandaoni.